Heinrich Simba, Bavaria na Saksonia: kwa nini orodha za watemi wa Kijerumani hazilingani

"Mwalimu, habari za kazi. Kikundi chetu cha kusoma historia kinaandaa jedwali la watemi wa Bavaria na Saksonia kuanzia mwaka 900 hadi 1400 hivi, nami nimepewa karne ya 12. Nimekwama kwa Heinrich Simba. Kitabu kimoja kinamwita Heinrich wa Tatu, kingine Heinrich wa Kumi na Mbili. Kimoja kinasema alipata Bavaria mwaka 1154, kingine 1156. Vyote vinasema alinyang'anywa kila kitu mwaka 1180, lakini nasoma tena kwamba alifia nyumbani kwake Braunschweig mwaka 1195, na mjukuu wake akawa mtemi. Baada ya hapo watemi wa Saksonia wanakuwa wawili kwa wakati mmoja, na Saksonia yenyewe inahama kwenye ramani. Je, utemi ulikuwa mali ya ukoo au cheo cha kupewa na mfalme? Na nijaze vipi jedwali bila kuandika uongo?"

Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi, ila vitabu vyako karibu vyote viko sahihi. Shida iko kwenye jedwali lenyewe. Jedwali la "nani alitawala wapi, tangu lini hadi lini" linamchukulia mtemi kama mfalme mdogo: ana nchi moja yenye mipaka, aliipata siku moja, akaipoteza siku moja, na namba iliyo baada ya jina lake ni yake. Katika nchi za Wajerumani za karne ya 12 mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Ukishajua mtemi alishika nini hasa mkononi mwake, miaka inayogongana itaanza kukaa mahali pake.

Tuanze na swali lako kuu, maana mengine yote yanategemea hilo. Mtemi alikuwa na vitu viwili vya aina tofauti. Cha kwanza ni dhamana, yaani utemi wenyewe na haki zilizoambatana nao. Hiyo alikabidhiwa na mfalme mbele ya wakuu wenzake: alipiga magoti, akaweka mikono yake iliyokutanishwa ndani ya mikono ya mfalme, akala kiapo cha utii, kisha akapokea bendera. Cha pili ni milki: mashamba, misitu, ngome na vijiji pamoja na watu waliofungwa na ardhi hiyo, vitu ambavyo wazee wake walinunua, walirithi au walipata kwa ndoa, na ambavyo hakuna mfalme aliyewapa. Mfikirie mkuu wa mkoa. Nyumba ya serikali na gari lenye bendera ni vya cheo, na uteuzi ukitenguliwa anavirudisha. Shamba la baba yake kijijini halimo kabisa kwenye barua ya utenguzi. Tofauti ni kwamba watemi hawa walitaka kuwarithisha watoto wao na ile nyumba ya serikali pia, na kadiri karne zilivyokwenda ndivyo walivyofaulu zaidi.

Ndiyo maana hakuna jibu moja la "mali au cheo" linalofaa kwa miaka 500 yote ya jedwali lenu. Mwanzoni mwa karne ya 10 kulikuwa na nchi tano kubwa za utemi: Saksonia, Frankonia, Bavaria, Swabia na Lotharingia. Heinrich, mtemi wa Saksonia, alichaguliwa kuwa mfalme huko Fritzlar mwaka 919. Mwanawe Otto I alipotawazwa Aachen mwaka 936, watemi wanne walimhudumia mezani: Giselbert wa Lotharingia akasimamia shughuli nzima, Eberhard wa Frankonia akahudumia chakula, Hermann wa Swabia vinywaji, na Arnulf wa Bavaria akashughulikia farasi na malazi ya wageni. Miaka mitatu tu baadaye Giselbert na Eberhard waliasi, wakafa mwaka 939 karibu na Andernach, na Frankonia haikupewa mtemi mwingine. Mfalme aliishika mwenyewe. Bavaria akampa mdogo wake. Kwa hiyo kwenye sehemu ya mwanzo ya jedwali lenu mfalme anaweka na kuondoa kwa mkono mzito. Ukifika karne ya 14, mtu kuvuliwa utemi ni jambo la nadra, na mgogoro wa kawaida ni wa ndugu kugawana.

Sasa hizo namba. Wakati Heinrich Simba yuko hai hakuna aliyemwita wa Tatu wala wa Kumi na Mbili. Namba walizibandika wanahistoria wa baadaye, na kila nchi ilihesabu ya kwake. Bavaria ilipitiwa na akina Heinrich wengi mno kwa sababu wafalme waliwapa ndugu na wana wao. Heinrich II wa Bavaria ni yule aliyepewa lakabu ya Mgomvi, aliyevuliwa mwaka 976 na kurudishwa mwaka 985. Mwanawe ni Heinrich IV katika orodha ya Bavaria, lakini ni Heinrich II katika orodha ya wafalme. Mfalme Heinrich III ni Heinrich VI wa Bavaria, na mfalme Heinrich IV, yule aliyesimama Canossa mwaka 1077 akiomba msamaha wa Papa, ni Heinrich VIII wa Bavaria. Babu yake Simba, Heinrich Mweusi, ni wa IX. Baba yake, Heinrich Mwenye Kiburi, ni wa X. Heinrich Jasomirgott ni wa XI. Simba mwenyewe ni wa XII. Ukivuka kwenda Saksonia hesabu ni nyingine: wa kwanza ni yule aliyekuwa mfalme mwaka 919, wa pili ni Mwenye Kiburi, wa tatu ni Simba. Ukoo wake, Welf, una mtego wa namna hiyohiyo: Welf IV katika orodha ya ukoo ndiye Welf I wa Bavaria, aliyepewa utemi mwaka 1070.

Dawa yake ni rahisi. Safu ya jina iwe na jina na lakabu tu, "Heinrich Simba", na namba iingie kwenye mstari wa nchi inayohusika. Usiandike kamwe "Heinrich IV" peke yake. Nimeona majedwali mazuri yakiharibika hapo, kaisari mmoja akageuka watu watatu.

Kuhusu mwaka 1154 na 1156, inabidi turudi nyuma kidogo. Heinrich Mwenye Kiburi alikuwa mtemi wa Bavaria tangu 1126 na alimwoa Gertrud, binti pekee wa Kaisari Lothar III, ambaye kwanza alikuwa mtemi wa Saksonia. Lothar alipofariki Desemba 1137, mkwe wake alishika Bavaria na Saksonia kwa pamoja, na wengi walimwona kuwa ndiye mfalme ajaye. Wakuu waliogopa nguvu hizo. Machi 1138 wakamchagua Konrad III wa ukoo wa Staufer, naye akatoa hoja kwamba si halali mtu mmoja kushika temi mbili. Saksonia akampa Albrecht Dubu, Bavaria akampa Leopold wa Austria. Mwenye Kiburi akafa Oktoba 1139 akiwa bado anapigana, akamwacha Simba akiwa mtoto. Wasaksoni hawakumkubali Dubu, kwa hiyo mwaka 1142 Saksonia ikarudishwa kwa Simba. Bavaria ilibaki mikononi mwa akina Babenberg wa Austria, kwanza Leopold, kisha kaka yake Heinrich Jasomirgott.

Mwaka 1152 akachaguliwa Friedrich Barbarossa. Mama yake, Judith, alikuwa dada wa Mwenye Kiburi, kwa hiyo yeye na Simba walikuwa binamu. Alihitaji amani na ndugu zake wa pande zote mbili. Mwaka 1154, kwenye baraza la Goslar, iliamuliwa kwamba Bavaria ni ya Simba. Huo ndio mwaka wa kitabu chako cha kwanza. Lakini Jasomirgott hakuiachia, na uamuzi bila makabidhiano ulikuwa karatasi tu. Makabidhiano yalifanyika Septemba 1156, kwenye uwanja nje ya Regensburg, na askofu Otto wa Freising, ndugu wa Jasomirgott, ameandika yalivyokwenda. Jasomirgott alimrudishia kaisari Bavaria kwa bendera saba. Kaisari akamkabidhi Simba bendera hizo. Simba akarudisha mbili, zilizowakilisha mpaka wa mashariki na maeneo yaliyoambatana nao tangu zamani. Kwa bendera hizo mbili kaisari akaanzisha utemi mpya, Austria, akamkabidhi Jasomirgott pamoja na mkewe Theodora, binti wa ukoo wa kifalme wa Bizanti.

Hebu tazama vizuri kilichofanyika pale. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake moja kwa moja. Kila kitu kilirudi kwanza mkononi mwa kaisari ndipo kikatoka. Dhamana haihami kutoka mtemi kwenda mtemi bila kupita kwa aliyeitoa. Na hati aliyopewa Jasomirgott tarehe 17 Septemba 1156 inaonyesha jinsi dhamana ilivyoanza kufanana na milki: watoto wao, wa kiume au wa kike, wangeweza kurithi, wasipopata mtoto, wangeweza kumtaja mtu wanayemtaka, mtemi angelazimika kuhudhuria mabaraza ya kaisari yale tu yaliyoitishwa Bavaria, na kwenda vitani kwenye nchi zinazopakana na Austria tu. Kwa jedwali lako, andika 1156 kama mwaka wa kupokea na 1154 kama mwaka wa hukumu. Ukikuta 1155, ni mwaka ambao wakuu wa Bavaria walimwapia Simba kiapo. Miaka yote mitatu ni ya kweli, ila inahusu matukio matatu tofauti.

Kabla ya kufika 1180, niondoe dhana moja inayoletwa na ramani za rangi. Utemi wa Bavaria haukuwa eneo ambalo kila kilichomo kilikuwa cha mtemi. Ulikuwa fungu la haki: kuwaita wakuu wa nchi kwenye baraza lake, kuongoza jeshi, kulinda amani, kusimamia nyumba fulani za watawa, kukusanya ushuru mahali fulani. Maaskofu waliokuwa humo walishika mali zao kutoka kwa mfalme. Mfano mzuri ni daraja la mto Isar. Chumvi iliyotoka mashariki ilivukia Föhring, kwenye daraja la askofu wa Freising, naye ndiye aliyechukua ushuru. Simba akalibomoa daraja hilo, akaihamishia njia kwenye daraja lake, mahali palipoitwa Munichen. Askofu, yuleyule Otto mwandishi wa habari za Regensburg, akashtaki. Tarehe 14 Juni 1158, mjini Augsburg, kaisari aliamua soko na sarafu vibaki kwa Simba, lakini askofu apate theluthi moja ya mapato. Mahali hapo ndipo palipo jiji la München leo. Mtemi mwenye nguvu kuliko wote alilazimika kumlipa askofu aliye ndani ya "nchi yake", kwa sababu haikuwa yake kwa maana tunayoizoea sisi.

Sasa twende 1180. Utasoma mara nyingi kwamba Simba aliangushwa kwa sababu alikataa kumsaidia kaisari nchini Italia, na kwamba Barbarossa alimpigia magoti huko Chiavenna mwaka 1176. Walikutana, na msaada ulikataliwa, na tarehe 29 Mei mwaka huo kaisari alishindwa vibaya Legnano. Lakini habari za magoti zimeandikwa na wasimulizi wa baadaye, tena hawapatani, na hati ya hukumu haiitaji Chiavenna hata kwa neno moja. Usiiandike kwenye safu ya "sababu". Inaeleza kwa nini kaisari aliacha kumkingia kifua binamu yake. Haielezi alishtakiwa kwa lipi.

Alishtakiwa na wakuu na maaskofu wa Saksonia, waliokuwa wakilalamika kwa miaka kwamba anawabana na kuwachukulia mali. Aliitwa Worms mwezi Januari 1179, akaitwa Magdeburg mwezi Juni, akaitwa Kayna mwezi Agosti. Hakutokea. Hapo ndipo alipojifunga, kwa sababu sheria ya dhamana ilikuwa wazi: aliyekula kiapo akiitwa mara tatu na bwana wake asifike, amevunja kiapo, na kukaidi wito ni kosa linalojitegemea hata kama mashtaka ya awali yana utata. Januari 1180, mjini Würzburg, alivuliwa temi zake. Tarehe 13 Aprili, mjini Gelnhausen, ikaandikwa hati inayoeleza kwamba ameonea makanisa na wakuu, amedharau ukuu wa kaisari, na amekataa wito. Na kwamba utemi wa Saksonia umegawanywa. Sehemu ya magharibi, katika majimbo ya kanisa ya Köln na Paderborn, ilikwenda kwa Philipp, askofu mkuu wa Köln. Iliyobaki ilikwenda kwa Bernhard wa Anhalt, mwana wa Albrecht Dubu. Mwezi Juni, Regensburg, Simba akawekwa nje ya ulinzi wa sheria. Mwezi Septemba, Altenburg, Bavaria akapewa Otto wa Wittelsbach, baada ya eneo lake la Steiermark kukatwa na kufanywa utemi wa peke yake.

Watu huuliza kwa nini Barbarossa hakujiwekea temi hizo mwenyewe, kama mfalme Philippe II wa Ufaransa alivyojiwekea Normandy baada ya kumhukumu John wa Uingereza mwaka 1202. Kosa lilikuwa lilelile, kutoitika wito, na John alikuwa shemeji yake Simba. Maoni yangu ni kwamba Barbarossa hakuwa na njia nyingine. Hukumu yake ilisimama juu ya mabega ya wakuu waliompa, nao hawakumwangusha Simba ili kumnenepesha kaisari. Walitaka mgawo, wakaupata.

Simba alijisalimisha Erfurt Novemba 1181. Hapa ndipo neno "kila kitu" la vitabu vyako linapopotosha. Alipoteza dhamana. Milki yake ya Braunschweig na Lüneburg, ambayo sehemu kubwa ilitokana na mama yake na bibi yake, aliachiwa. Alipelekwa uhamishoni kwa baba mkwe wake, mfalme Henry II wa Uingereza, kuanzia 1182 hadi 1185, akaondoka tena mwaka 1189, akarudi, na akafariki Braunschweig tarehe 6 Agosti 1195. Amezikwa katika kanisa la Mtakatifu Blasius alilolijenga mwenyewe, kando ya mkewe Mathilde, hatua chache kutoka kwenye simba wa shaba aliyemsimamisha mbele ya ngome yake. Mwanawe Otto IV akawa kaisari mwaka 1209. Mjukuu wake Otto, aitwaye Mtoto, ndiye unayemtafuta. Agosti 1235, mjini Mainz, alimkabidhi Kaisari Friedrich II milki yake ya Lüneburg. Kaisari akaiunganisha na Braunschweig, akamrudishia vyote kama utemi mpya wa Braunschweig-Lüneburg, unaorithiwa na wana na mabinti. Milki iligeuzwa dhamana kwa hiari. Otto alipoteza uhuru wa jina tu, akapata cheo halali ambacho ukoo wake ulikikosa kwa miaka 55. Katika jedwali lako huu ni utemi mpya wenye mstari wake. Usiuunganishe na Saksonia ya kabla ya 1180 eti kwa kuwa ukoo ni uleule.

Kuhama kwa Saksonia kwenye ramani nako kunatoka hapa. Bernhard alipata jina la mtemi wa Saksonia, lakini nguvu za kale zilikuwa zimebaki kwa wengine: Braunschweig kwa wana wa Simba, magharibi kwa Köln, Lübeck kwa kaisari. Makao ya ukoo wake yalikuwa upande wa Elbe ya kati, na jina likaenda naye. Wajukuu wa Bernhard na watoto wao wakagawana, na kufikia 1296 kuna Saksonia-Lauenburg kaskazini na Saksonia-Wittenberg kusini, kila mmoja akijiita mtemi wa Saksonia kwa haki kamili. Ukoo wa Wittenberg ulipokwisha mwaka 1422, mwaka uliofuata cheo kilikwenda kwa akina Wettin wa Meissen, na jina likapanda zaidi na mto. Ndiyo sababu jimbo la leo la Saksonia lina Dresden na Leipzig, ilhali nchi ya Wasaksoni wa kale ni ile ya Braunschweig na Hannover, iitwayo sasa Saksonia ya Chini.

Watemi kuwa wawili au watatu kwa wakati mmoja ni kanuni katika karne za 13 na 14, na jedwali lisilo na nafasi ya jambo hilo litavunjika. Ndugu wote wa kiume walikuwa na haki ya urithi na wote walibeba cheo. Akina Wittelsbach waligawana Bavaria mwaka 1255, ikawa ya Juu na ya Chini. Kufuatia mgawanyo wa 1392 kulikuwa na watemi wa Bavaria huko München, Ingolstadt, Landshut na Straubing kwa pamoja. Sheria ya kumrithisha mzaliwa wa kwanza peke yake ilikuja Bavaria mwaka 1506. Desturi hii ilidumu sana. Pengine umekutana na "mtemi wa Mecklenburg" katika historia za Rwanda na Kongo: Adolf Friedrich, aliyeongoza msafara wa mwaka 1907 na 1908. Hakuwahi kuitawala Mecklenburg. Alikuwa na cheo kwa kuzaliwa tu, katika ukoo uliopandishwa kuwa wa watemi na mfalme Karl IV mwaka 1348.

Huyo Karl IV ndiye aliyejaribu kuweka mpaka. Hati yake ya 1356, iitwayo Bula ya Dhahabu, iliwataja wateuzi saba wa mfalme: maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier, mfalme wa Bohemia, mkuu wa Palatino ya Rhine, mtemi wa Saksonia na mkuu wa mpaka wa Brandenburg. Nchi za wateuzi hao wasio wa kanisa zilikatazwa kugawanywa. Angalia kwamba mtemi humo ni mmoja tu, na ni wa Wittenberg. Lauenburg ilikosa, na mtemi wa Bavaria pia hakupata kura. Kwa hiyo usidhani kila mtemi alimchagua mfalme.

Basi jedwali. Mna njia tatu. Kupanga kwa ukoo kunapendeza macho na kunafuata damu, lakini Bavaria ya kabla ya 1070 itawachanganya kabisa, maana watemi wake hawatoki ukoo mmoja. Kupanga kwa mwaka kunaonyesha nani alikuwa hai na nani, lakini mgawanyo wa 1392 utajaza ukurasa mzima. Mimi ningepanga kwa nchi, kila nchi na ukurasa wake, na kila makabidhiano na mstari wake, halafu ukoo muutie rangi. Safu ziwe: jina na lakabu, namba katika nchi hiyo, ukoo, njia aliyopatia (kuchaguliwa, kupewa, kurithi, ndoa, mgawanyo), tarehe ya hukumu au madai, tarehe ya makabidhiano, jinsi ilivyokwisha, na mahali mlipopata habari. Heinrich Simba atachukua mistari mitatu: Saksonia 1142 hadi 1180, kwa kurudishiwa, Bavaria 1156 hadi 1180, kwa hukumu ya 1154, na milki ya Braunschweig hadi 1195, kwa urithi, bila utemi. Jasomirgott atachukua miwili, Bavaria na Austria, yenye tarehe moja ya Septemba 1156, mmoja ukifungwa na mwingine ukifunguliwa. Mtu aliyekuwa mfalme na kaisari apewe miaka yote miwili: Barbarossa alikuwa mfalme tangu 1152, kaisari tangu 18 Juni 1155 alipotawazwa Roma.

Tofauti ya mwaka mmoja kati ya vitabu msiisawazishe kwa kukisia. Ofisi nyingi za uandishi zilianza mwaka mpya tarehe 25 Desemba, na Trier ilianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo hati ya Februari huko Trier inaweza kubeba mwaka uliotangulia wetu. Tarehe zenyewe ziacheni kwa kalenda ya Juliasi kama zilivyo. Hati nyingi za wafalme zimechapishwa na taasisi ya Monumenta Germaniae Historica, iliyoanzishwa mwaka 1819, na zinasomeka bure mtandaoni. Hapo mtaona tarehe na mahali pa kila hati bila kupitia kitabu cha mtu wa tatu.

Kuna mahali ambapo jedwali na intaneti havitoshi, mkae ana kwa ana na mtu. Kama mnataka kunukuu hati ya Kilatini, mwalimu wa seminari au padre anayejua Kilatini atawasaidia maneno yaliyochapishwa. Lakini picha ya hati ya mkono, yenye vifupisho vya karne ya 12, inahitaji mtu aliyesomea maandishi ya kale, na huyo mtampata kupitia idara ya historia ya chuo kikuu au kwa kuuandikia uongozi wa nyaraka wenye hati hiyo. Fanyeni hivyo pia kabla ya kuchapa lolote linalotegemea hati moja tu. Mtemi Rudolf IV wa Austria alighushi mwaka 1358 au 1359 hati nzima, akiipanua ile ya 1156 ili ukoo wake upate haki ambazo Jasomirgott hakupewa kamwe. Petrarca, mshairi na msomi wa Italia, aliitilia shaka sehemu yake mapema mwaka 1361, na hata hivyo Kaisari Friedrich III aliithibitisha mwaka 1453. Uthibitisho wa kitaalamu wa uongo wake ulikuja mwaka 1852. Cheo cha "mtemi mkuu" wa Austria kimetoka humo, kwa hiyo katika mistari ya Austria iliyo kabla ya Rudolf andikeni "mtemi" tu.